Karatasi au mtu? Nani akusemee ukiwa mahututi ughaibuni

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tunaamini kwamba mke akizidiwa, mume ndiye atakayesaini. Si kweli. Kwa sheria ya England na Wales, kuwa mume, mke, mtoto wa kwanza au baba mkubwa hakukupi mamlaka ya kumkubalia wala kumkatalia matibabu mtu mzima aliyepoteza fahamu. Jina lako kwenye fomu ya hospitali, pale palipoandikwa ndugu wa karibu, ni la kupigiwa simu tu. Anayeamua ni daktari, kwa kuangalia maslahi ya mgonjwa. Sheria ya 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia inamtaka awaulize ndugu wanaonaje, lakini kuulizwa si kuamua, na hapo ndipo familia nyingi hugongana na wauguzi kwenye korido.

Marekani mambo ni tofauti kidogo. Majimbo mengi yameweka foleni kisheria: mwenzi wa ndoa kwanza, halafu watoto watu wazima, halafu wazazi, halafu ndugu. New York ilichelewa, sheria yake ya foleni ni ya 2010. Kenya, kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtambua mtu uliyemteua kwa maandishi akukubalie matibabu, na asipokuwepo ndipo wanatazamwa ndugu. Ama kwa desturi zetu za nyumbani, anayesaini ni aliyemleta mgonjwa, na neno la mwisho mara nyingi hubaki kwa anayelipa bili, hata kama yuko Muscat na hajamwona mgonjwa miaka mitatu.

Asiyetaka kuachia hali hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni waraka wa kukataa tiba: unaandika mapema ni matibabu gani hutaki ukifika hali fulani. Ya pili ni kumteua mtu akusemee, hati ambayo England na Wales inajulikana kwa herufi LPA (Lasting Power of Attorney, yaani hati ya kudumu ya uwakilishi), upande wa afya. Kuna pia fomu za daktari ambazo watu huzichanganya na hizi mbili, nitazigusa. Nitaegemea zaidi England kwa sababu ndiko nimekaa na watu wa nyumbani tukazijaza. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa familia nyingi za kwetu, mtu kwanza, karatasi baadaye. Kuna wanaofaa kufanya kinyume, nao nitawataja.

Waraka wa kukataa tiba

Neno la kushika hapa ni kukataa. Unaweza kuandika kwamba hutaki mashine ya kupumulia, hutaki kulishwa kwa mpira, hutaki kuongezewa damu. Ukiandika kwamba unataka ufanyiwe kila kitu hadi mwisho, daktari atayasoma na kuyazingatia, ila hayamfungi. Wala huwezi kukataa huduma za kawaida za kiutu kama kusafishwa, kupewa joto na kupewa maji mdomoni.

Masharti yake si mazito. Uwe na miaka 18 na kuendelea, na akili zako ziwe timamu siku unayoandika. Kama unakataa tiba inayookoa maisha, lazima iwe kwa maandishi, uweke saini mbele ya shahidi naye asaini, na useme waziwazi kwamba uamuzi wako unasimama hata kama maisha yako yatakuwa hatarini. Sentensi hiyo ya mwisho ikikosekana, ulichoandika kinabaki kuwa maoni ya mgonjwa. Huhitaji mwanasheria, hulipi kitu, husajili popote. Ukianza baada ya chakula cha usiku unamaliza kabla ya kulala, na ukibadili mawazo ungali na akili zako unaufuta hata kwa mdomo.

Nguvu yake ni kwamba unafunga. Daktari aliyeuona, akauelewa, kisha akakutibu kinyume chake, anaweza kushtakiwa. Wanaoutumia vizuri kuliko wote ni Mashahidi wa Yehova, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitembea na kadi ya kukataa damu kwenye pochi. Wao wana swali moja na jibu moja, na jibu halibadiliki kwa kutegemea vipimo vinasemaje. Waraka unapendwa na mambo ya namna hiyo.

Shida inaanza pale mtu anapobadilika na karatasi ikabaki ilivyo. Mwaka 2003 mahakama ya London iliamua shauri la binti wa miaka 24 aliyezaliwa na wazazi Waislamu, kisha wazazi wakaachana, akakua na mama aliyekuwa Shahidi wa Yehova, na mwenyewe akasaini karatasi ya kukataa damu. Baadaye akachumbiwa na kijana Mwislamu wa Kituruki, akaahidi kurudi kwenye Uislamu na akaacha kuhudhuria ibada za Mashahidi. Akaugua ghafla, akapoteza fahamu, akahitaji damu. Mama akasema karatasi iheshimiwe. Baba akakimbilia mahakamani akisema aliyesaini karatasi ile si binti huyu wa leo. Jaji akakubaliana na baba: mwenendo wake ulikuwa umeitengua karatasi, na penye shaka, uhai hupewa nafasi. Binti akaongezewa damu. Nikiwaeleza watu kisa hiki, wenye wazazi wa dini mbili huinamia meza na kuanza kuuliza maswali, kwa sababu kwetu pwani na bara wako wengi.

Shida ya pili ni ya makaratasi yenyewe. Kuna muuguzi mstaafu, mtu anayeijua hospitali ndani nje, aliyeandika waraka wake mwaka 2014 akikataa matibabu iwapo afya yake itaporomoka. Mwishoni mwa 2015 aliumia kichwa. Kilichoandikwa kwenye waraka hakikufikishwa hospitali kama kilivyo, ikaeleweka kwamba amekataa kufufuliwa moyo tu. Akawekewa mpira wa tumboni, akalishwa karibu miaka mitatu, hadi Desemba 2018 mahakama iliposema alichokitaka kilikuwa wazi tangu mwanzo. Kama hilo lilimpata muuguzi, sisi tunaoweka nyaraka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati tujipange.

Wanazuoni wa Marekani wana hoja nzito zaidi. Mwaka 2004 Angela Fagerlin na Carl Schneider waliandika kwamba nyaraka za aina hii zimeshindwa kazi: watu wengi hawazijazi, wanaozijaza hawajui watakuwa wagonjwa wa nini, na zikishajazwa hazifiki kitandani zinapohitajika. Huwezi kuandika leo, ukiwa mzima, jibu la swali ambalo daktari mwenyewe ataliunda miaka ishirini ijayo. Mimi nawaunga mkono kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa kusahau au wa mishipa ya fahamu unaojulikana utaishia wapi, hoja yao inapungua nguvu, maana maswali yake anayajua tayari.

Mtu wa kukusemea

LPA ya afya inampa mtu uliyemchagua mamlaka ya kuamua badala yako, na inaanza kufanya kazi siku tu utakapokuwa huwezi kuamua mwenyewe. Fomu lazima isainiwe pia na mtu wa tatu anayethibitisha kwamba umeielewa na hujashurutishwa. Awe anakujua kwa miaka isiyopungua miwili, au awe na taaluma inayofaa, kama daktari au mwanasheria. Kisha inasajiliwa kwenye ofisi ya serikali. Ada iko chini ya pauni 100, mwenye kipato kidogo hupunguziwa au husamehewa, na usajili huchukua wiki kadhaa. Usisubiri mpaka umelazwa.

Sehemu ya 5 ya fomu ndiyo inayokwamisha watu. Ina visanduku viwili. Cha kwanza unampa msemaji wako mamlaka ya kukubali au kukataa hata matibabu yanayokuweka hai. Cha pili humpi, na hayo yanabaki mikononi mwa madaktari. Lazima usaini kimoja mbele ya shahidi. Nilikaa mezani na mama mdogo mmoja, kalamu mkononi, akafika hapo akasita. "Mwanangu, hapa nikisaini si nimewapa ruhusa wanizime?" Nikamwambia hapana, mama, hapa unasema ni nani atakayejibu daktari akiuliza: mwanao Salma, au daktari mwenyewe. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Salma analia hata kuku akichinjwa. Niandikie mdogo wake." Baada ya hapo fomu ikaenda haraka.

Hofu ile ya kuzimwa nimeikuta kwa wengi, na siku hizi inachochewa na habari za bungeni. Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipiga kura 314 kwa 291 kuunga mkono muswada wa kumruhusu mgonjwa aliyekaribia kufa asaidiwe kukatisha maisha yake. Hilo ni jambo jingine kabisa. Muswada ule ulimhusu mtu mwenye akili timamu anayeomba mwenyewe. Msemaji wako hawezi kukuombea. Karatasi na msemaji wanahusika na kukubali au kukataa tiba, basi.

Je, mtu uliyemchagua atajua unachotaka? Hapa tusijidanganye. Uchambuzi wa 2006 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta wasemaji wanabashiri sawasawa matakwa ya mgonjwa kwa asilimia 68 tu, yaani wanakosea karibu mara moja kwa kila tatu. Waliochaguliwa na mgonjwa mwenyewe hawakufanya vizuri zaidi. Wapenzi wa karatasi huiinua takwimu hiyo kama bendera. Lakini karatasi nayo inabahatisha: ni wewe wa zamani unayemkisia wewe wa leo. Na mtu anaweza kufanya jambo ambalo karatasi haiwezi. Anamuuliza daktari, "Mpira huu ni wa wiki mbili au wa maisha?" Anasubiri vipimo vya kesho. Anabadili uamuzi homa ikishuka. Mtu aliyeandika hataki mashine ya kupumulia alikuwa akifikiria kulala nayo miezi. Pengine angeikubali kwa siku nne ili apone nimonia, na karatasi haijui tofauti hiyo kama hakuiandika.

Hatari ya kutokuwa na chochote inaonekana kwa Terri Schiavo wa Florida. Moyo wake ulisimama Februari 1990 akiwa na miaka 26. Hakuwa ameandika wala kumteua mtu. Mume alisema mkewe asingependa kuishi vile, wazazi wakasema yungali binti yao na alishwe. Wakaburuzana mahakamani miaka, mpira ukatolewa na kurudishwa, hadi Machi 2005 Rais George W. Bush aliporuka kutoka Texas kurudi Washington kusaini sheria kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Mpira ulikuwa umetolewa tarehe 18, akafariki tarehe 31. Karatasi ingemaliza ugomvi ule, na msemaji aliyeteuliwa angeumaliza pia. Foleni ya kisheria haikuumaliza: mume alikuwa wa kwanza kwenye foleni na bado hawakuelewana.

Kwa familia zetu swali gumu ni wateuliwe wangapi. Mzazi hataki kumbagua mtoto, hivyo anaandika wote watano. Fomu inauliza kama wataamua kwa pamoja tu, au kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake. Ukichagua kwa pamoja tu, mmoja akiwa kwenye ndege kwenda Dar, au akigoma, hakuna kinachoamuliwa. Ushauri wangu: mteue mmoja, weka mwingine wa akiba, na waliobaki waambie mapema kwa mdomo wako, ikiwezekana kwenye kundi la familia la WhatsApp kwa ujumbe wa sauti, ili siku hiyo asitokee wa kusema mama asingesema hivyo. Si lazima msemaji aishi Uingereza wala awe raia. Dada aliye Tanga anaweza kuteuliwa. Lakini daktari wa ICU hupiga simu saa tisa za usiku, na kama simu haitapokelewa kuna faida gani?

Fomu za daktari

Hizi si mali yako, ni za hospitali. Inayojulikana zaidi ni ile ya kutofufuliwa moyo ukisimama, na daktari anaweza kuiandika hata hujaomba. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2014 katika shauri la familia ya Tracey, lazima azungumze na mgonjwa kabla ya kuiandika, isipokuwa mazungumzo yenyewe yatamdhuru. Wakati wa korona baadhi ya nyumba za wazee zilikuta fomu hizo zimewekewa watu kwa jumla jumla, na msimamizi wa huduma za afya England akatoa ripoti ya kulikemea jambo hilo Machi 2021. Ukiikuta kwenye faili la mzazi wako uliza nani aliandika, lini, na alizungumza na nani. Inahusu kukandamizwa kifua na kushtuliwa moyo tu. Haizuii dripu, antibiotiki wala oksijeni. Marekani kuna fomu ya POLST, yaani maagizo ya daktari kuhusu tiba zinazokuweka hai, iliyoanzia Oregon, kwa wagonjwa mahututi au wazee dhaifu. Husainiwa na mhudumu wa afya na inatambuliwa hata na wa gari la wagonjwa. Mzima wa miaka arobaini haimhusu.

Dini inasemaje

Swali hili hutangulia yote mengine, ingawa nimelichelewesha. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi lililokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu kuondoa mashine pale ubongo wote umeacha kufanya kazi na madaktari mabingwa wamethibitisha kwamba hautarudi. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha maisha. Kati ya mipaka hiyo, hasa kwenye chakula cha mpira, wanazuoni wanatofautiana, hivyo ongea na shehe au padri wako kabla ya kujaza, kisha andika kwenye fomu kwamba unataka maadili ya dini yako yazingatiwe. Pana nafasi ya maneno hayo.

Uchague kipi

Mwenye ndugu anayemwamini, asiye na ugonjwa mahususi, amteue mtu na aishie hapo kwa sasa. Asiye na mtu, aliyekuja peke yake na marafiki wake ni wa kazini, aandike waraka, maana hata hati ya uteuzi inahitaji jina la kuweka. Mwenye katazo moja lisilojadiliwa, kama la damu, aandike waraka hata kama ana watoto kumi wema. Aliyeambiwa ana ugonjwa wa kusahau afanye yote mawili, na afanye mwezi huu, kwa sababu uwezo wa kusaini nao una tarehe ya mwisho. Wanaoishi na mwenzi bila ndoa, na wale ambao familia ya nyumbani haimtambui mwenzi wao, wasisubiri: England daktari huenda akamsikiliza kaka kuliko mpenzi wa miaka kumi na tano, na Marekani mwenzi asiye na cheti cha ndoa katika majimbo mengi yuko mwishoni mwa foleni au hayumo kabisa.

Wa Marekani wataona mambo mepesi zaidi kwenye karatasi. Minnesota, kwa mfano, hati moja inabeba matakwa yako na jina la msemaji, na inatosha kuthibitishwa na mthibitishaji wa umma au mashahidi wawili. New York na Massachusetts sheria zao zimejengwa juu ya msemaji; anayeandika matakwa tu huko anaacha kazi nusu.

Ukiamua kufanya yote mawili England, angalia tarehe. Ukiandika waraka wa kukataa tiba kisha baadaye ukamteua msemaji na kumpa mamlaka juu ya tiba ileile, waraka unaanguka na msemaji ndiye anayeshika. Ukimteua kwanza, waraka ukaja baadaye, msemaji anafungwa na waraka. Watu hujaza kwa mpangilio wowote, kwa kutegemea fomu ipi imefika kwanza kwenye posta, bila kujua kwamba wameshaamua nani ana nguvu. Basi amua hilo kwanza. Halafu nakala moja mpe daktari wako wa mtaa na umtake aiweke kwenye rekodi yako neno kwa neno, moja mpe msemaji, na picha yake iwe kwenye simu yako na ya mtu mwingine anayejua namba yako ya siri.